Kusafisha utumbo kabla ya kamera: kwa anayetoka Lamu kwenda Mombasa

Damu ikionekana chooni, huku kwetu bawasiri ndiyo husingiziwa kwanza. Mtu hupaka malhamu, miezi ikapita, na huenda ni saratani ya utumbo mpana. Ukiona damu huku mwenendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, au umepungukiwa damu bila sababu kujulikana, muulize daktari kuhusu kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Kamera hiyo hukagua utumbo mpana wote, vijinyama hukatwa kabla havijageuka saratani, na penye shaka huchukuliwa kipande cha kupimwa maabara.

Ila kamera haioni kitu penye kinyesi. Utumbo usiposafika kipimo hurudiwa, nawe ni boti tena hadi Mokowe, basi tena hadi Mombasa.

Siku tatu kabla, acha mbaazi, maharagwe, mchicha, mapera na ufuta. Mbegu huziba mrija wa kunyonyea ulio kwenye kamera. Wali mweupe, samaki na mayai havina neno. Vidonge vya madini ya chuma viache wiki moja kabla, kwani choo huwa cheusi na chenye kunata. Dawa za sukari na za kuzuia damu kuganda usizikisie: muulize daktari.

Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi tu: strungi, maji ya dafu yaliyochujwa, supu isiyo na chembe. Chekundu usiguse, kitadhaniwa damu.

Dawa ya kusafisha aghalabu ni lita 4, nusu jioni na nusu alfajiri. Kama zamu yako ni saa nne asubuhi, anza nusu ya pili saa kumi alfajiri, glasi moja kila robo saa, umalize saa kumi na mbili. Wengi huinywa yote jioni ili walale. Hapo ndipo upande wa kulia wa utumbo hujaa tena uchafu. Kwa hiyo lala Mombasa, karibu na choo. Usithubutu kuinywa ukiwa safarini. Ipoze, na kichefuchefu kikizidi pumzika nusu saa kisha uendelee.

Choo cha mwisho kiwe maji ya manjano, angavu. Kikiwa bado kama matope, mwambie nesi kabla hujalazwa kitandani.

Na tumbo likivimba, ukawa unatapika na hata upepo haupiti, dawa hiyo usiinywe kabisa: huenda uvimbe umeziba njia. Wahi hospitali siku hiyohiyo.