Bastola za Filamu katika Kabati Langu la Birmingham

Sebuleni kwangu hapa Birmingham kuna kabati la kioo lenye kufuli, na ndani yake zimo silaha kumi na moja ambazo hata moja haiwezi kutoa risasi. Nyingi ni nakala za zile tulizoziona katika filamu: nyingine ni za resini, nyingine za mpira mgumu, na chache ni za aloi ya zinki yenye uzito unaoudanganya mkono. Kila mgeni anayetoka nyumbani Tanzania huuliza kama ninaruhusiwa kuwa nazo. Nimeona niandike jibu kwa urefu, kwa sababu nimekutana na vijana wetu kadhaa huku walioanza kukusanya vitu hivi bila kujua sheria inasema nini.

Mapenzi haya yalianzia Tanga, katika sinema ya Majestic. Wenzangu walikuwa wakitoka wakiigizana ngumi, nami nikiwaza ni fundi gani aliyeiunda ile bastola. Nilipofika Uingereza niligundua kwamba nyingi nilizozishangaa ziliundwa papa hapa. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipigwa mwaka 1976 katika studio za Elstree, kaskazini ya London, na silaha zake za angani zilijengwa juu ya bunduki halisi za kukodi. Bastola ya Han Solo, mmoja wa mashujaa wa filamu hiyo, ni Mauser C96 ya Kijerumani iliyopachikwa darubini, na bunduki za wale askari wa mavazi meupe ni Sterling, zilizokuwa zikitengenezwa Dagenham. Mwaka 2022 mojawapo ya bastola hizo za Han Solo iliuzwa katika mnada nchini Marekani kwa zaidi ya dola milioni moja. Bastola ambayo Sean Connery ameishika katika picha za matangazo ya James Bond wala si Walther PPK, bastola anayojulikana nayo Bond, bali ni bastola ya upepo iliyotafutwa haraka siku ya kupiga picha, nayo iliuzwa London mwaka 2010 kwa pauni 277,250. Mambo kama haya ndiyo yanayonifanya nipende kukusanya. Kila kipande kina fundi nyuma yake, na ningependa watu wamjue fundi huyo kama wanavyomjua mwigizaji.

Sheria inayotuhusu England, Wales na Scotland ilipitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika kwa nakala hizi Oktoba 2007. Haikukataza mtu mzima kuwa na nakala nyumbani kwake. Iliyoyakataza ni kutengeneza, kuuza na kuingiza nchini bunduki bandia inayofanana mno na ya kweli, na imeeleza kufanana huko kwa namna ambayo kila mkusanyaji anapaswa kuikariri: haitoshi kwamba mtaalamu anaweza kuitofautisha, wala kwamba tofauti inaonekana ukiikagua kwa karibu, wala kwamba inajulikana ni bandia mtu anapojaribu kuijaza risasi. Sheria inauliza jicho la mtu wa kawaida litaona nini. Miongoni mwa waliosamehewa ni makumbusho, maigizo ya jukwaani, watengenezaji wa filamu na televisheni, na vikundi vinavyoigiza vita vya kihistoria. Mkusanyaji wa sebuleni kama mimi hayumo katika orodha hiyo.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Niliagiza nakala ya bastola ya Mauser kutoka duka moja la ng'ambo, ambalo lilinihakikishia kwamba kwa kuwa haifyatui, haina tatizo popote duniani. Kifurushi hakikufika. Ilikuja barua ikinijulisha kwamba kimezuiwa mpakani na kwamba kukiingiza nchini ni kosa. Mke wangu aliisoma mara mbili, akaniambia, "Baba Salma, siku moja kitu hiki kitaleta polisi mlangoni, na watoto watakuwa wanatazama." Maneno yale yaliniingia kuliko barua yenyewe. Tangu siku hiyo sinunui chochote kabla ya kuisoma sheria ya nchi ninayoishi, hata muuzaji aniambie nini.

Muuzaji wa hapa anaweza kumuuzia mtu wa kawaida bandia yenye rangi kali: nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au buluu, au iliyotengenezwa kwa plastiki inayopitisha mwanga. Ndogo sana nazo zinaruhusiwa, zile zisizofika milimita 38 kwa kimo na 70 kwa urefu. Ndiyo maana kabatini mwangu mna bastola ya buluu inayoumiza macho. Vijana wengi huipata ya namna hiyo kisha huipaka rangi nyeusi ili ifanane na ile ya filamu, na hapa nawasihi kwa dhati wasithubutu, maana kuibadilisha bandia hadi ifanane na bunduki halisi ni kosa lile lile la kuitengeneza. Kopo la rangi la pauni chache linaweza kukupeleka mahakamani.

Bandia zinazotumia risasi baridi, yaani zile za kutoa mlio tu, zina hatari nyingine. Bandia inayogeuzwa kwa urahisi kuwa silaha inayoua huhesabiwa kisheria kuwa bunduki kamili. Mwezi Februari 2025 polisi wa England na Wales walitoa msamaha wa wiki chache kwa wenye aina fulani za bastola za risasi baridi kutoka Uturuki wazisalimishe, kwa sababu wahalifu walikuwa wakizigeuza. Waliokuwa wamezinunua kihalali dukani walitakiwa kuzirudisha bila fidia, na anayebaki nazo anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Mimi sizikusanyi kabisa.

Kubeba bandia yoyote barabarani bila sababu ya msingi ni kosa, hata kama ni ya mpira. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu sisi ni Waafrika katika miji ya watu, na polisi mwenye silaha ana sekunde chache tu za kuamua. Mwezi Septemba 1999, huko Hackney, mtu mmoja aliuawa na polisi akiwa amebeba mguu wa meza ndani ya mfuko, uliodhaniwa kuwa bunduki. Marekani, ambako sheria ya shirikisho ya 1988 inataka ncha ya rangi ya chungwa kwenye bandia zinazouzwa, mtoto mweusi wa miaka 12 aliuawa Cleveland mwaka 2014 akiwa na bastola ya kuchezea iliyokuwa imepoteza ncha hiyo. Kila ninapohamisha kipande hukifunga katika sanduku lenye kufuli, ndani ya buti ya gari, na huenda moja kwa moja ninakokwenda.

Kipande ninachokithamini kuliko vyote hakikutoka katika filamu. Ni nakala ya gobore, mfano wa lile alilokuwa nalo babu yangu Handeni kwa ajili ya nguruwe waliokuwa wakila mahindi. Sheria hii inahusu bandia za bunduki za kisasa, na muundo uliotangulia mwaka 1870 haumo, kwa hiyo niliinunua bila wasiwasi. Imetundikwa juu ya kabati, nami naishi mji ule ule ambao mafundi wake waliunda bunduki nyingi zilizopelekwa Afrika katika karne ya 18 na ya 19.

Mwaka jana mpwa wangu, anayetengeneza filamu fupi Dar es Salaam, aliniandikia: "Shikamoo mjomba, naomba unitumie bastola mbili za kwenye kabati, nitazirudisha." Nilimkatalia, ingawa iliniuma, kwa kuwa kuzipitisha viwanja vya ndege na forodha za nchi mbili ni kumtafutia kesi. Nilimwambia amtafute fundi seremala, amchongee za mninga, kisha aende kituo cha polisi cha eneo atakalopigia picha aeleze siku, saa na mtaa kabla kamera haijawashwa. Alifanya hivyo. Amenitumia picha ya moja kabla haijapakwa rangi, mishipa ya mti ikionekana hadi kwenye mtutu, na nimemwomba filamu ikiisha aniwekee hiyo hiyo.