Makato ya mshahara kwa mwenye kipato cha msimu

Mfanyakazi wa hoteli hapa Malindi, kama mwenzake wa Shela kule Lamu, hupata kipato kinachofuata pepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, vyumba hujaa wageni. Kusi ikishika na mvua za masika zikiandamana nayo, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga milango kabisa. Makato ya kisheria ya mshahara yametungwa kwa kumfikiria mtu anayelipwa kiasi kile kile kila mwisho wa mwezi, na kwa sababu hiyo naona ni muhimu mtu wa msimu aijue hesabu yake mwenyewe, asimwachie karani peke yake.

Tuseme mfanyakazi amelipwa shilingi 30,000 mwezi wa Desemba. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, huchukua asilimia 6, yaani 1,800, na mwajiri analazimika kuongeza kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwake. Makato ya nyumba, yaani ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ni asilimia 1.5, yaani 450, na hapo pia mwajiri hutoa sawa naye. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, huchukua asilimia 2.75, ambayo ni 825, lakini mzigo huu mfanyakazi huubeba peke yake. Mwezi wa Mei huenda mtu huyo akapata siku chache za kazi na kulipwa 8,000. NSSF hushuka hadi 480 na nyumba hadi 120. SHA, ambayo kwa asilimia ingekuwa 220, hubaki 300, kwa kuwa hicho ndicho kima cha chini cha mwezi. Kwa hiyo kila anayelipwa chini ya takriban 10,900 hutoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko anayelipwa vizuri, na hutoa hivyo katika mwezi ule ule ambao unga wenyewe ni wa kukopa. Sioni haki katika jambo hilo.

Mvuvi, nahodha wa mashua na fundi wa kibarua hawana hati ya mshahara, na kwao ugumu ni wa aina nyingine. Zamani za NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHA, walilipa shilingi 500 kwa mwezi. Tangu SHA ianze kazi Oktoba 2024, kaya hukadiriwa kipato chake kwa maswali kuhusu hali ya maisha, ikiwemo nyumba inayokaliwa, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua 3,600. Nina wasiwasi na maswali ya nyumba hasa kwa watu wa mji wa kale wa Lamu, ambako familia inaweza kuishi katika nyumba ya mawe iliyorithiwa kwa mababu na bado ikategemea samaki wa siku. Anayeona kiwango alichopangiwa hakilingani na hali yake asinyamaze, bali apeleke malalamiko yake SHA.

Malipo ya mwaka yafanywe kaskazi, fedha zikiwepo, kwa sababu asiyelipa hukosa bima ya kulazwa hospitalini. Hata asiyeweza kulipa ajiandikishe, kwani huduma za zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi, ambayo haitegemei mchango wake. Kwa uzee, NSSF ina mpango wa Haba Haba unaomruhusu aliyejiajiri kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Naye aliyeajiriwa kwa msimu ahakikishe, kabla hoteli haijafunga, kwamba kila kilichokatwa kwenye mshahara wake kimefika NSSF na SHA kwa jina lake, kwa sababu kumpata mwajiri mwezi wa Juni ni kazi ngumu.