Kelele za pikipiki Mtwara: kabla ya namba, tukubaliane zinapimwaje

Kila inapozungumzwa sheria ndogo ya kelele za pikipiki na magari katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, watu huanza na swali la desibeli ngapi, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ziruhusiwe. Mimi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni kipima sauti kitasimama umbali gani kutoka kwenye ekzosi, na injini itakuwa kwenye resi gani. Pikipiki inayosoma desibeli 94 ukiwa nusu mita nyuma yake inaweza kuwa haina tatizo lolote. Ikisoma 94 ukiwa ng'ambo ya barabara, ekzosi yake haina kitu ndani.

Tuifanye hesabu. Sauti ya chanzo kimoja hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Kutoka nusu mita hadi mita 8 umbali umejirudufu mara nne, kwa hiyo 94 inafika ukutani kwako ikiwa 70. Kwenye vichochoro ambako nyumba zimebanana haipungui kiasi hicho, maana kuta zinairudisha. Dirisha lililoachwa wazi kidogo hukata kama desibeli 15, na kwa joto la pwani yetu hakuna anayelala amefunga dirisha. Kitandani zinabaki 55. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unasema sauti ya ghafla chumbani usiku isizidi 45. Ekzosi iliyokatwa ikasoma 104 itakufikishia 65, na sikio husikia kila desibeli 10 kama sauti iliyozidi karibu maradufu.

Hiyo ni injini iliyopigwa resi. Ikipita taratibu kwa gia ya juu, sauti inashuka sana. Ndiyo maana sheria inahitaji miguu miwili: kikomo cha ekzosi kinachopimwa pikipiki ikiwa imesimama, na katazo la kupiga resi na honi bila sababu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, hasa kuzunguka Hospitali ya Ligula, na kwa Lindi, Hospitali ya Sokoine. Mguu mmoja peke yake hautamlaza mgonjwa.

Upimaji wa chombo kilichosimama upo kwenye kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 5130, na unaweza kufanyika kwenye uwanja wowote wa lami au zege ambao hauna ukuta, gari wala watu ndani ya mita 3. Maikrofoni inawekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, kwenye kimo kilekile cha mdomo huo, isiwe chini ya sentimita 20 kutoka ardhini. Pikipiki iwe nyutro na injini iwe imepata moto. Shika resi itulie kwenye mizunguko iliyopangwa, kisha iachie ghafla, na usomaji wa juu kabisa ndio unaoandikwa. Rudia hadi upate vipimo vitatu visivyopishana zaidi ya desibeli 2. Kelele za mazingira ziwe chini ya sauti ya chombo kwa angalau desibeli 10, kwa hiyo kituo cha kupimia kisiwekwe jirani na stendi.

Mizunguko iliyopangwa ni ipi? Kwa pikipiki ambayo nguvu yake ya juu inatoka kwenye mizunguko zaidi ya 5000 kwa dakika, unapima kwenye nusu yake. Injini ya 7500, kama zilivyo nyingi za cc 150, inapimwa kwenye 3750. Hapa ndipo kazi huharibika, kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda hazina saa ya mizunguko. Askari akisema "piga resi kidogo" na dereva akapiga anavyotaka, namba itakayotoka haina maana yoyote. Kinahitajika kipima mizunguko cha kubana kwenye waya ya plagi. Tena kipangwe vizuri: pikipiki nyingi za mipigo minne huchoma plagi kila mzunguko mmoja, si kila mizunguko miwili. Ukikosea mpangilio huo, kifaa kinasoma maradufu, na pikipiki inapimwa kwenye nusu ya resi inayotakiwa. Mbovu zitapita zote.

Simu haifai kutoza mtu faini. Maikrofoni yake imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Sauti kubwa huibana, na simu mbili za aina moja zinaweza kupishana kwa desibeli kadhaa. Simu itumike kujua kama jambo lipo. Faini ingoje kipima sauti cha daraja la 1, kama ISO 5130 inavyotaka, kilichowekwa kwenye kipimo cha A (kinachofuata jinsi sikio linavyosikia) na mwitikio wa haraka, kikihakikiwa kabla na baada ya kazi kwa kifaa kinachotoa desibeli 94 za uhakika. Na upepo usisahaulike. Ukizidi mita 5 kwa sekunde vipimo vinaachwa, hata kama sponji ipo kwenye maikrofoni. Msimu wa kusi, alasiri za Shangani hazifai kwa kazi hii, pimeni asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo linalosahaulika zaidi katika ubishi huu. Si kila pikipiki yenye kelele imekatwa ekzosi kwa makusudi. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula chuma, na bodaboda wa safari fupi fupi wanaiongezea kazi: injini ikiwaka na kuzimwa kabla ekzosi haijapata moto vizuri, maji yanayotokana na mwako hutulia tumboni mwa ekzosi. Kutu huanzia ndani, upande wa chini, na siku tobo linapoonekana bati la ndani limeshakwisha. Dereva huyo anahitaji fundi wa kuchomelea na muda wa kutengeneza. Kumchanganya na aliyemwomba fundi apasue kopo la ekzosi kwa msumeno na kutoa sahani za ndani zinazopunguza sauti ni dhuluma.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Mulika tochi kwenye mdomo wa ekzosi: ya kiwandani utaona kijibomba chembamba au sahani karibu na mdomo, iliyotolewa matumbo utaona uwazi mpana. Tafuta mshono wa kuchomelea unaozunguka kopo zima. Tobo la kutu lina kingo zilizoliwa, la kutobolewa kwa drili ni duara safi. Ila angalia: ekzosi nyingi hutoka kiwandani na kitundu cha milimita chache upande wa chini, cha kutolea maji. Hicho si kosa, na kukiziba ni kuialika kutu.

Kabla ya kulaumu kopo, kagua gaskiti inayokaa kati ya ekzosi na silinda. Ikiungua, pikipiki hutoa mlio mkali wa "ta-ta-ta" karibu na mguu wa dereva, na hupigapiga nyuma resi inapoachiwa kwa sababu hewa inaingia. Jaribio lake: injini ikiwa baridi, iwashe, iache kwenye resi ya chini, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Injini itaelekea kuzimika. Isipoelekea, na ukisikia mfukuto mahali pengine, umepata panapovuja. Gaskiti mpya ikiwekwa, nati mbili zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza itakaa mshazari na itavuja tena.

Vijana wanaokata wanaamini pikipiki inapata nguvu. Inapata sauti tu. Kabureta iliandaliwa kwa ekzosi ile yenye sahani zake; ukizitoa, mara nyingi hewa inazidi mafuta, plagi inakuwa nyeupe, injini inachemka na valvu ya kutolea moshi iko hatarini. Nguvu ya kuondokea inapungua, dereva anavuta resi zaidi, mafuta yanakwenda. Mchezo wa kuzima na kuwasha swichi pikipiki ikiwa kwenye mwendo ili ipige baruti una hasara yake pia: mafuta yasiyoungua hujaa kwenye ekzosi, cheche ikirudi yanalipuka humo, na kila mlipuko unalegeza sahani hadi zinakatika.

Magari nayapitia kwa ufupi. Gari dogo likizidi kilomita 50 kwa saa, kelele kubwa hutoka kwenye matairi, kwa hiyo kipimo cha ekzosi kinawahusu wachache waliobadilisha bomba. Malori ya korosho na ya makaa ya mawe yaendayo bandarini ni suala jingine: ni injini kubwa, breki za injini (injini yenyewe ikitumika kupunguza mwendo, kwa mngurumo mkubwa) na kuondoka kwenye matuta. Yanayopita Mikindani usiku yadhibitiwe kwa mwendo na kwa vibao vya kukataza breki ya injini karibu na nyumba, si kwa kipima sauti pembeni mwa barabara.

Kuhusu namba, napendekeza tuanzie pale magari yetu yalipotoka. Mengi ni mitumba ya Japani, na kanuni za huko ambazo mengi yalitengenezwa chini yake ziliweka desibeli 96 kwa gari dogo lenye injini mbele, 94 kwa pikipiki zaidi ya cc 125, na 90 kwa za cc 51 hadi 125, kwa kipimo hikihiki cha karibu. Punguza desibeli 1 kwenye usomaji kwa manufaa ya dereva, maana hakuna kifaa kisicho na kosa.

Kitaifa tayari kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Halmashauri nayo inaweza kutunga sheria ndogo: rasimu inatangazwa ili wananchi watoe maoni na pingamizi, baraza la madiwani linapitisha, waziri mwenye dhamana anaidhinisha, ndipo inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Wakati wa maoni ndio wa kudai haya yaandikwe ndani ya sheria yenyewe: umbali wa maikrofoni, mizunguko, aina ya kifaa. Mwenye kijiwe na mwenye nyumba waende wote wawili. Na dereva aliyekutwa na kosa mara ya kwanza apewe karatasi yenye vipimo vyake vitatu, resi aliyopimiwa, tarehe ya uhakiki wa kifaa na siku 14 za kutengeneza, arudi apimwe bure. Akirudi na ekzosi ileile iliyokatwa, hapo faini ianze.