Makumbi ya nyanya na msitu wangu uliokataa kutoa uzi

Mapaja yananiwasha. Tangu alasiri nimekaa barazani kwa nyanya, huku Mtongwe, nikisokota makumbi, na kazi yangu yote ni ugwe wa pima moja na nusu, tena wenye vinundu hapa na pale kama mkufu wa shanga zisizolingana. Yeye kwa muda huohuo ameshapita pima kumi, huku akifukuza kuku, akipokea simu na kunicheka.

Nilikuja kupumzika. Wanaonifahamu wajua kazi niliyoiacha Uingereza: naotesha nanotyubu za kaboni, kisha najaribu kuzivuta ziwe uzi. Hilo neno "najaribu" nimelitia makusudi. Tangu Mei mpaka mwisho wa Julai sikupata uzi hata wa urefu wa kidole.

Kwa asiyejua: nanotyubu ni mrija wa kaboni tupu. Chukua atomi zilizopangwa pembesita kama sega la nyuki, likunje hilo sega mpaka kingo zikutane, basi. Mirija yangu ina tabaka kadhaa, mmoja ndani ya mwenzake, na unene wake ni kama nanomita 10 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni). Ukiilaza ubavu kwa ubavu, yahitajika maelfu kufikia unene wa unywele mmoja. Sumio Iijima wa Japani ndiye aliyeieleza mwaka 1991 dunia ikasikia, ingawa kuna waliowahi kuiona kabla yake. Mwaka 2000 watu waliivuta mmojammoja mpaka ikakatika, wakapima nguvu ya tabaka la nje kabla ya kukatika: gigapaskali 11 hadi 63. Waya wa chuma wenye nguvu huwa kama 2 au 3. Hapo ndipo kila mtu alipoanza kuota kamba.

Lakini mrija wangu una urefu wa robo ya milimita. Utafunga nini kwa robo ya milimita?

Nyanya hakuona tatizo lolote hapo. Alichambua uzi mmoja wa kumbi, akaupima kwa kidole cha shahada. "Huu nao wafika wapi? Na mbona nanga yavutwa nayo?" Ni kweli. Hakuna uzi wa kumbi unaotoka mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Ni vipande vifupi vilivyobanana. Mitepe ya zamani ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba hizihizi, bila msumari, ikabeba boriti baharini.

Basi nikamwonyesha video kwenye simu. Msitu wenyewe, ndivyo tunavyoiita mirija ikiota wima kwa wingi, sikuja nao, maana vumbi lake si kitu cha kuvuta puani, sembuse kumpelekea mzee.

Kazi huanza na kipande cha silikoni kilichong'arishwa kama kioo. Kinapakwa alumina, yaani oksidi ya alumini, na juu yake chuma, nanomita chache tu. Kinaingia kwenye tanuri lenye mrija wa kioo cha kwatzi, joto la nyuzi 700 na kitu za Selsiasi, gesi za agoni na haidrojeni zikipita. Kwa joto hilo chuma hakikai kama utando. Kinajikusanya kuwa vitone, kama umande kwenye jani la mgomba. Ndipo nafungulia asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kaboni yake inaingia kwenye vitone, vikishiba vinaitoa upande wa pili ikiwa mrija. Kila kitone na mrija wake, na kwenye sentimita moja ya mraba vitone ni mabilioni. Kwa vile imebanana hivyo, hakuna unaopata nafasi ya kulala, kwa hiyo yote inapanda juu, ikishikiliana mabega. Umewahi kuona mikoko iliyoota karibukaribu inavyotoa boriti zilizonyooka? Ule uliojiotea peke yake ndio uliopinda. Baada ya dakika kumi silikoni inatoka nyeusi kuliko chungu cha shughuli.

Sasa kuvuta. Nabana ukingo wa msitu kwa kibanio, navuta taratibu kwa ubapa. Msitu ukiwa mzuri, kishungi cha kwanza kinang'oka na kumvuta jirani yake kwa ncha, naye amvuta wa pili, na hivyo hivyo. Unatoka utando mwembamba unaoona upande wa pili, kama moshi wa udi uliosahau kutawanyika. Hakuna gundi. Yashikana kwa kugusana tu, kwa ile nguvu ndogo ya atomi kwa atomi, ambayo ndogo mara ndogo mara mabilioni huwa kitu. Msitu ukiwa mbaya, kinatoka kibonge, kinaning'inia kwenye kibanio, na pale ulipong'oa panabaki kishimo. Mimi nina vishimo vya miezi mitatu.

Hata walioanza hawakuwa wakitafuta uzi. Kaili Jiang, Shoushan Fan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, walitaka kuchomoa fungu moja tu kutoka kwenye msitu wao. Badala yake likawafuata lote, uzi usiokatika, kama hariri inavyotoka kwenye kifukofuko. Walichapisha mwaka 2002, uzi wa sentimita 30. Kila nikisoma habari hiyo huona wivu. Wao waliupata wasiutake!

Video ilipokwisha nyanya aliuliza swali moja: "Mlizifukia muda gani?"

Nikacheka, nikamwambia hizi hazifukiwi, ni dakika kumi za moto. Hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye lundo la nyuma ya jiko, akarudi na vipande viwili vya makumbi. Makumbi hufukiwa kwenye tope la ufuoni, maji yakijaa na kupwa juu yake kwa miezi, mpaka ile nyama inayoshikanisha nyuzi ioze. Kisha hufukuliwa, hupondwa, huoshwa. Cha kwanza alichonipa kilifunguka mkononi kama nywele. Cha pili kilikuwa na magamba. Nikivuta uzi mmoja, unakuja na wenzake watano, kisha wote wanakatikia njiani. Nikabadilisha mkono, nikabadilisha pembe, nikatia mate kidoleni.

"Wajisumbua," akasema. "Hiki kilitolewa mapema. Kishaharibikia topeni, wewe wakitafutia dawa hapa barazani."

Nilinyamaza kwa muda. Maana hivyo ndivyo nilivyofanya miezi mitatu: kasi ya kuvuta, pembe ya kuvuta, kibanio cha aina hii na cha aina ile. Nimejaza kurasa za daftari kuhusu mkono wangu.

Baada ya magharibi nimezifungua tena zile kurasa, nilizipiga picha kabla ya safari. Safari hii sikusoma safu ya kuvuta, nilisoma safu ya tanuri. Siku za mvua, misitu ya siku moja haifanani: mmoja mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umepinda na kupwaya. Siku kavu yafanana zaidi. Unyevu! Kila nikifungua mrija wa tanuri kutia kipande kipya, kuta zake zinakunywa hewa ya nje. Nalo hilo nililipuuza kwa sababu ya elimu yangu nusunusu: mwaka 2004 Kenji Hata na wenzake kule Tsukuba, Japani, waliongeza maji kidogo mno kwenye gesi, msitu ukapanda milimita 2.5 kwa dakika kumi, kwa kuwa maji yale yanasafisha uchafu wa kaboni unaoziba chuma. Nikaweka moyoni kwamba maji ni rafiki. Ila yale yalikuwa maji ya kupimwa. Yangu yamejialika. Na mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia nyumba ambayo chumvi haikai mezani bila punje za mchele ndani yake.

Nimemwandikia mwenzangu wa maabara: tanuri lipashwe moto tupu usiku kucha kabla ya kila zamu, na vipande vikae kwenye kisanduku kikavu. Amejibu kwa alama ya dole gumba. Tutaona Septemba.

Kuna jambo moja tulibishana na halikuisha. Nilimweleza nyanya kwamba mwaka 2004 watafiti Mei Zhang, Ken Atkinson na Ray Baughman waliongeza msokoto wakati wa kuvuta, kisha wakapota ncha mbili pamoja, nguvu ikapita megapaskali 460. Hapo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ncha mbili ni jambo la kawaida kwake, na Atkinson mwenyewe alitoka kwenye kazi ya sufu. Lakini niliposema uzi ule ukipigwa fundo haupungui nguvu, akakataa. Kamba yoyote ukiipiga fundo hukatikia pale. Nikamwambia wameipima. "Walipima wao," akasema, na akaendelea kusokota.

Ule ugwe wangu wenye vinundu ameuchukua, akafungia mlango wa banda la kuku. Fundo moja tu, kavu. Naandika haya saa nne ya usiku na mlango bado umefungwa.