Jinsi nilivyoisawazisha bunduki yangu ya .22 kwa ajili ya sungura wa Nyololo

Mche wa parachichi uliokatwa na sungura hauhitaji shahidi. Mbuzi akiupitia unaukuta umenyofolewa na majani yamechanika, panya akiuguguna unauona umesagwasagwa kuzunguka shina, lakini sungura hukata kwa mshazari, safi kabisa, kana kwamba amepita mtu mwenye kisu kipya, na mara nyingi kipande alichokikata hukiacha pale pale chini bila kukila. Katika shamba letu lililoko upande wa Nyololo, wilayani Mufindi, nilihesabu miche 37 ya namna hiyo ndani ya majuma mawili, mbali na mistari ya maharage ambayo niliacha kuihesabu. Hapo ndipo nilipokwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya kuulizia kibali, kwa sababu sungura wa porini ni mnyamapori hata akiwa amelala katikati ya maharage yako.

Bunduki tayari nilikuwa nayo. Ni BRNO Model 2 ya .22 (yaani upana wa mtutu wake ni inchi 0.22 hivi) iliyotengenezwa Czechoslovakia ya zamani, ya kuvuta boliti, kile chuma cha nyuma ya mtutu unachokivuta kwa mkono ili kupakia kila risasi, yenye magazini ya risasi 5, ambayo marehemu baba aliimiliki kwa miaka mingi. Baada ya msiba ilikaa kituo cha polisi mpaka nilipokamilisha maombi ya kumilikishwa kwa jina langu, na safari hiyo peke yake ingetosha kuwa makala nyingine. Juu yake nilifunga darubini niliyopewa na shemeji, nikanunua visanduku viwili vya risasi kwa muuzaji mwenye leseni, nikajiona nimekamilika.

Msimu huo wa kwanza nilikosa sungura sita kati ya saba.

Kosa langu lilianzia kwenye visanduku vile viwili. Kimoja kilikuwa na risasi za kasi kubwa, za bei nafuu, nami nikazitumia kusawazishia, yaani kurekebisha darubini mpaka msalaba wake na mahali risasi inapotua viwe sehemu moja. Kingine kilikuwa na risasi za kasi ndogo zenye tundu kwenye ncha, ghali zaidi na zenye mlio usiowaamsha majirani, na hizo nikazitunza kwa ajili ya kuwindia. Nilidhani .22 ni .22. Zote mbili hurusha kipande cha risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi, lakini ya kasi kubwa hutoka mtutuni kwa takribani mita 375 kwa sekunde, ilhali ya kasi ndogo hutoka kwa takribani mita 320. Inayochelewa njiani hushuka zaidi, na kufikia mita 50 tofauti ya mshuko kati ya hizo mbili ni karibu sentimita 3. Kwa swala tofauti hiyo si kitu. Kwa sungura, ambaye sehemu ya kulenga kati ya jicho na shina la sikio haizidi sentimita 4, sentimita 3 chini yake ni taya au ni hewa tupu. Mmoja nilimpiga taya, akaingia kwenye vichaka, tukamtafuta mimi na mdogo wangu mpaka giza likatukuta bila kumpata, na huyo ndiye aliyeninyima usingizi kuliko wale watano waliokimbia wakiwa wazima.

Nilimpelekea shida hiyo babu mmoja wa kijiji cha jirani aliyestaafu uaskari wa wanyamapori. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya habari za miche na mvua, hakuniuliza ninalengaje wala ninavuta pumzi vipi. Aliniuliza jambo moja tu:

"Risasi ulizosawazishia ndizo ulizokwenda nazo porini?"

Nilipomjibu kwamba hapana, alitikisa kichwa akicheka. "Basi mjukuu wangu, wewe hukukosa. Bunduki imepiga pale pale ulipoiambia ipige."

Kisha akaishika darubini kwa vidole viwili, akaitikisa kidogo, nayo ikacheza. Nilikuwa nikiibeba bunduki kwa bodaboda kutoka Mafinga, nusu ya safari ikiwa ni barabara ya vumbi yenye makorongo, na skrubu za vishikio vya darubini zilikuwa zimelegea bila mimi kujua. Maana yake ni kwamba hata zile risasi za kasi kubwa nilizokuwa nimezisawazisha hazikuwa sawa tena.

Nilianza upya mwezi Julai. Sehemu ya kupigia nilichagua korongo lililo mwisho wa shamba, lenye ukuta wa udongo laini ulionizidi kimo mara mbili, na kabla ya siku yenyewe nilitoa taarifa kituo cha polisi na kwa mtendaji wa kijiji ili mlio usizue taharuki. Wengi hupenda kutumia kichuguu kama kinga, nami sikukubaliana nao, kwa sababu kichuguu kikavu ni kigumu kama tofali, na risasi ya .22 ina tabia mbaya ya kuruka ikigonga kitu kigumu au hata maji. Isipozuiwa na kitu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na huko ndiko waliko watu wanaopalilia viazi.

Kwanza nilifungua skrubu zote, nikazifuta mafuta, nikazikaza upya kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, mpaka vishikio vikabana sawasawa. Kisha nikailaza bunduki juu ya viroba viwili vya mchanga, nikatoa boliti, nikachungulia kupitia mtutu wenyewe mpaka nikaliona duara jeusi la karatasi ya shabaha, iliyokuwa mita 25, likiwa katikati ya tundu la mtutu. Bila kuigusa bunduki nikavizungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba nao ukalikalia duara lile lile. Kazi hiyo haitumii hata risasi moja, na iliniokolea nyingi.

Risasi tatu za kwanza zilitua pamoja, sentimita 5 chini na sentimita 2 kushoto. Darubini yangu husogea robo ya dakika ya nyuzi (dakika ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja ya pembe) kwa kila kliki ya kifundo, ambayo kwa mita 50 ni milimita 3.6 hivi na kwa mita 25 ni nusu yake, kwa hiyo nilihitaji kliki 28 kupandisha na kliki 11 kwenda kulia. Zamani ningepiga risasi moja, nikageuza kifundo, nikapiga nyingine, nikageuza tena, nikiikimbiza kila tundu kama mtu anayefukuza kuku. Sasa nilipiga tatu, nikapima kutoka katikati ya matundu matatu, ndipo nikageuza. Hata hivyo marekebisho hayo yalikuwa ya muda tu, ya kuhakikisha risasi zinaangukia kwenye karatasi, kwa maana sikuwa bado nimechagua risasi.

Hapa ndipo nilipotumia siku tatu nzima, na sijutii hata saa moja. Niliweka shabaha mita 50 na kujaribu aina tatu: ya kasi kubwa, ya kasi ya kawaida yenye ncha butu ambayo wapiga shabaha huipenda, na ya kasi ndogo yenye tundu kwenye ncha. Kila nilipohama kutoka aina moja kwenda nyingine nilipiga kwanza risasi kumi pembeni bila kuzihesabu. Risasi ya .22 Long Rifle, ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu ilipobuniwa Marekani mwaka 1887, hupakwa nta au mafuta kwa nje, na mtutu hubaki na utando wa nta ya aina iliyotangulia, hivyo chache za mwanzo hutua ovyo mpaka utando mpya ukae. Ndiyo sababu pia niliacha kuusafisha mtutu kila jioni kama baba alivyonifundisha. Mtutu uliong'arishwa hupiga la kwanza kombo, na la kwanza ndilo pekee sungura atakalokupa.

Kipimo changu kilikuwa kizibo cha soda, chenye upana wa karibu sentimita 3. Matundu matano yakifunikwa na kizibo, risasi hiyo inafaa kwa kichwa cha sungura, yasipofunikwa haifai, hata kama ni ghali kiasi gani. Za kasi kubwa zilitawanyika upana wa sentimita 4 na nusu, na nilipozirudia zikatawanyika vile vile. Za kawaida zenye ncha butu ziliingia ndani ya sentimita 2, nikafurahi sana mpaka asubuhi ya siku ya pili.

Asubuhi hiyo nyasi zilikuwa na umande wa barafu. Nilipiga zile zile za kawaida, na katika kumi, mbili zilitoa mpasuko mkali kama mjeledi na kutua nje kabisa ya kundi la matundu. Kufikia saa tano, jua lilipochangamka, mpasuko ukakoma na kundi likarudi kizibo kimoja. Niliwahi kusikia wakisema ni kwa sababu ya mwinuko wa Mufindi, lakini kasi ya sauti hufuata joto la hewa na si urefu kutoka usawa wa bahari. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, na kwenye nyuzi 5 hupungua hadi mita 334 hivi. Risasi za kawaida hutoka kwa takribani mita 326, na kwa kuwa hazilingani zote ndani ya kisanduku kimoja, asubuhi ya baridi zile zilizo na baruti ya ukarimu kidogo huivuka kasi ya sauti, kisha hurudi chini yake zikiwa njiani na kuyumba. Sungura nao hunitokea asubuhi ya baridi, si saa tano.

Za kasi ndogo hazikuwa na tatizo hilo. Kundi lake lilikuwa sentimita 2 na nusu, pana kidogo kuliko lile bora la zile za kawaida, lakini lilikuwa lile lile alfajiri na mchana, na kizibo kililifunika. Tundu la kwenye ncha nalo lina faida yake, kwani risasi hufunguka ndani ya mnyama badala ya kutoboa na kuendelea na safari. Hizo ndizo nilizochagua, na kwa hizo tu ndipo nikakaa kuisawazisha bunduki kwa dhati kwa mita 50, nikapandisha kliki nyingine 6 na kurudisha 2 kushoto, nikapiga makundi matatu kwa siku mbili tofauti ndipo nikafunika vifundo.

Upepo ulinifundisha jambo nililolikataa mpaka nilipoliona kwenye karatasi. Kuanzia Agosti upepo wa upande wa Makambako hauchezewi, na akili humwambia mtu kwamba risasi ya kasi kubwa itasukumwa kidogo kwa kuwa inawahi. Kwa .22 mambo ni kinyume: inayovuka kasi ya sauti hupoteza mwendo haraka mno, na husukumwa pembeni zaidi ya ile iliyotoka polepole. Hata hivyo majani ya mahindi yakianza kulala upande mmoja mimi huirudisha bunduki nyumbani.

Baada ya kusawazisha kwa mita 50 nilipiga umbali mwingine pia, nikayaandika matokeo kwenye utepe niliobandika ubavuni mwa kitako. Kwa mita 10 risasi hutua chini ya msalaba kwa zaidi kidogo ya sentimita 1, kwa sababu darubini imekaa juu ya mtutu. Kati ya mita 25 na 35 hutua juu kwa kiasi hicho hicho. Kwa mita 75 imeshuka karibu sentimita 8, na kwa mita 100 zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo nikajiwekea mwisho wa mita 55. Kuupima umbali hakunisumbui: miparachichi yetu imepandwa mita 7 kwa 7, na nafasi saba za miti ni mita 49. Sungura aliye mbali zaidi ya mti wa nane ni wa kesho.

Nilirudi shambani wiki iliyofuata, jua likiwa limeshachomoza, kwa kuwa uwindaji wa usiku na wa kumulika tochi hauruhusiwi na sheria ya wanyamapori. Sungura alitoka kwenye nyasi kati ya mti wa tano na wa sita, akakata shina la maharage mbele ya macho yangu. Nilivuta kifyatulio, kikalia tiki peke yake. Katika risasi hizi fataki, ile inayoiwasha baruti, imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pakikosa kupakwa vizuri hapo pini inapogonga, haiwaki. Nikaushika mtutu ukielekea kwenye udongo, nikahesabu mpaka sitini kabla ya kufungua boliti, maana inaweza kuchelewa na kulipuka mkononi, na muda wote huo sungura akaendelea kutafuna. Nikapakia nyingine, nikapiga mluzi mwembamba, akasimama wima masikio juu. Alianguka hapo hapo, na tulipomchuna mabega yote mawili yalikuwa mazima.

Msimu huo nilipiga tisa na kukosa wawili. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye kisanduku nimeiandika nayo kwenye utepe wa kitako, kwa sababu hata kiwanda kimoja na aina moja hubadilika kidogo kutoka toleo hadi toleo. Zimebaki risasi 14. Zikifika 5 nitakwenda Mafinga kununua kisanduku kingine, nami nitarudi korongoni na viroba vyangu vya mchanga na kizibo cha soda.