Vifaa vya polisi kupewa shule: PV kwanza, kamiyo baadaye

Prefe, mkuu wa shule, akisikia polisi wanatoa vifaa vya zamani, huita kamiyo (lori) siku hiyohiyo. Asiite. Aombe kwanza PV, yaani hati rasmi ya makabidhiano, yenye namba ya kila kifaa, ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na iseme wazi: shule imepewa au imeazimwa?

Marekani hawachezei jambo hilo. Katika mpango wao wa 1033, ambamo Wizara ya Ulinzi huwapa polisi vifaa vyake vya ziada, uliotokana na sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1997, vitu vya kawaida huwa mali ya idara iliyovipokea baada ya mwaka 1. Bunduki na magari ya kivita hubaki ya Wizara ya Ulinzi, na usafiri analipa mpokeaji. Mwaka 2014 polisi wa shule za San Diego walirudisha gari la kuhimili mabomu baada ya wazazi kulalamika. La kazi gani shuleni, kwanza?

Hapa Lubumbashi chukueni meza, makabati, kompyuta. Jenereta ndiyo yenye mitego. Someni kibati chake: 120 V na 60 Hz maana yake haikutengenezewa umeme wetu wa 220 V, 50 Hz. Transfoma hubadilisha volti tu, hezi (Hz) zinabaki zilezile. Pampu ya maji ya 50 Hz ikilishwa 60 Hz huzunguka asilimia 20 zaidi na kudai nguvu karibu asilimia 73 zaidi; mota inaweza kuungua. Fundi anaweza kushusha injini kutoka mizunguko 1,800 hadi 1,500 kwa dakika, lakini nguvu hupungua, na koili zisipoweza kuunganishwa upya zitoe 220 V, iacheni hukohuko. Na msiijaribu tupu: ibebeshwe mzigo wa umeme saa nzima. Ikiwa tupu, hata mbovu hunguruma vizuri.

Kompyuta zifutwe diski mbele ya pande zote mbili, kwa programu inayoandika juu ya data yote. Kuformati haraka kunaacha majina ya mashahidi humo. Saa ikirudi nyuma kila mnapozima, badilisheni betri ndogo ya CR2032.

Redio za mkononi, hapana: zina masafa ya polisi, na kuzitumia kunahitaji kibali cha ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Sare pia hapana, hata kwa mlinzi wa usiku.

PV iwe na nakala 3, ya tatu ikae kwa komite ya wazazi. Prefe akihamishwa, jenereta isihame naye.