Hendo za brasi za kabati la zamani: hatimaye zimeingia

Jamani leo hendo ya kwanza imekaa kwenye droo, nimefurahi mno! Kabati lenyewe lina droo nne, hendo mbili kila droo, na lilinifikia likiwa na tano tu, tatu zilishapotea. Brasi halisi hizi, sumaku haizishiki kabisa, zile za chuma zilizopakwa brasi juu sumaku inanasa hapo hapo.

Raundi ya kwanza nilichukua hendo moja ya asili nikampelekea fundi wa kusubu, akaikandamiza kwenye mchanga ikaacha umbo akamimina brasi, zikatoka nzuri, maua yote yanaonekana, kufika kwenye droo haziingii. Napima na vernia (kile kipimio cha taya), matundu ya mbao kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine ni milimita 90, ya bamba jipya, yaani kile kipande bapa cha hendo kinacholala kwenye mbao, 88.6. Nikapima mara nne jibu lile lile. Kumbe brasi ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.5, kwa hiyo ukitumia ya asili kama mfano lazima nakala itoke ndogo, fundi hana kosa hapo.

Watu wakaniambia panua tundu kidogo tu, mi nikakataa. Mbao ile bado ina kivuli cha bamba la kwanza, unaona kabisa mstari lilipokaa miaka yote, siwezi kuichokonoa kwa sababu ya kipande nilichotengeneza juzi. Nikachonga mfano mpya wa mbao ngumu, kila kipimo mara 1.015, yaani 90 ikawa 91.4, na kingo nikazilaza kidogo ili mfano utoke bila kubomoa mchanga.

Safari hii imetoka 90 kamili!

Rangi sasa. Mpya zinang'aa mno pembeni ya zile tano, basi nikaziosha na sabuni mafuta yote yatoke, nikazining'iniza kwa uzi ndani ya ndoo yenye mfuniko, chini kibakuli cha amonia, zisiguse maji yake, mvuke tu. Fanya nje na uvae glovu, ile harufu inakata pumzi. Nilikuwa nachungulia kila saa, jioni hendo moja ikawa ya kahawia, halafu nikasugua sehemu zinazoshikwa na vidole ziangaze kidogo kama za asili.

Mbili zilizobaki ziko ndani ya ndoo bado. Nati za zamani nimezifungia kila moja na bolti yake, zilikatwa kwa mkono, ukizichanganya hazirudi.